Msumari wa Mkasi

Kila alasiri, Bosi alipotoka shule, alianza kazi kabla hata ya kuvua sare. Alifagia vipande vya nguo chini ya cherehani, akateka maji, kisha akamchana mama yake nywele. Jina hilo la utani alipewa na mama, fundi cherehani, kwa sababu tangu mama afanyiwe upasuaji wa saratani ya titi, binti ndiye aliyetoa amri.

"Usinyanyue mkono, mama. Kaa."

"Sawa, Bosi."

Hata msumari wa kutundikia mkasi aliung'oa juu ukutani, akaupigilia chini, usawa wa kiti, ili mama asijinyooshe.

Lakini bega la mama lilizidi kukakamaa. Siku mteja alipoleta kitambaa cha gauni, mama alishindwa kukitandaza mezani, akamwomba asubiri. Jioni ile hakumtania mtu.

Kliniki, mtaalamu wa viungo aliuinua mkono wa mama polepole.

"Kidonda kimepona vizuri. Yale mazoezi ya mkono tuliyokufundisha baada ya upasuaji unayafanya?"

Mama akamtupia binti yake jicho. "Bosi wangu amenikataza."

"Niliogopa mshono utafumuka," msichana alisema, macho chini.

"Kuogopa si kosa. Ungeuliza tu. Mkono usiotumika hukaza. Afanye kidogo kidogo, akisikia maumivu makali aache. Jioni mtembee pamoja. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, ila yanausaidia mwili kurudi kazini."

Nyumbani, msichana aliurudisha msumari juu. Kila siku mama alisimama mbele ya ukuta, akapandisha vidole taratibu kama buibui. Vilipogota, binti alichora alama kwa chaki ya kushonea.

"Hapo tu, mama?"

"Hapo tu. Na wewe usinipande kichwani."

Alama zilipanda, zikakwama, siku nyingine zikashuka, kisha zikapanda tena. Alasiri moja msichana aliingia akakuta msumari mtupu. Mkasi ulikuwa mkononi mwa mama, na kitambaa cha yule mteja kilikuwa mezani.

"Nani kakushushia?"

"Unamwona nani mwingine humu?" Mama aliendelea kukata. "Ulinihudumia kwa moyo wote, mwanangu, nami nashukuru. Lakini kumsaidia mgonjwa si kumfanyia kila kitu. Muulize daktari mgonjwa anaweza kufanya nini, kisha mwache mgonjwa afanye. Sasa shika pembe hiyo ya kitambaa. Hii nitaishika mimi."