Mwizi Aliyegeuza Viatu

Kengele iliibwa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mfereji na mitaa inaelea kama ndotoni.

Ilikuwa kengele ndogo ya shaba, ya kuenea kiganjani. Ilikaa mbele ya picha ya marehemu mume wa Bi Sawae, juu ya kimto cha hariri ya zambarau. Kila siku, kabla ya chai, mjane huyo aliigonga mara moja kumwamkia mumewe. Leo alikuta kimto peke yake, kimebonyea katikati.

Inspekta Orihara alifika mabega yamelowa. Alivua viatu, akapiga magoti penye eneo la tukio.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Bustanini nyuma, nang'oa figili."

"Na mlango wa mbele?"

"Wazi."

"Nyumba tatu zimeibiwa mwezi huu, nawe unaacha mlango wazi?"

"Wenzangu wote wamefunga, afande. Nami nikifunga, Mzee Gengo ataingia wapi?"

Mzee Gengo aliwahi kuwa mtu wa reli. Siku hizi akili yake ilikuwa inahama taratibu, kama mpangaji anayetoa vyombo kimoja kimoja. Kila siku alitoka kwake, akaingia nyumba yoyote iliyo wazi, akapewa chai, kisha mtu akamrudisha kwa mkewe. Mtaa wote wa Sasamachi, hapo mjini Matsue, ulimlea hivyo. Lakini tangu wizi uanze watu walitia makomeo. Juzi alikutwa ukingoni mwa mfereji, miguu majini, akingoja treni.

"Leo nami nafunga," alisema Bi Sawae, akijifuta macho kwa aproni. "Mume wangu kaibiwa sauti."

Mtaalamu wa alama za vidole alizikuta tele, wazi kama muhuri. Hazikuwamo katika kumbukumbu za polisi.

"Kuna kingine kilichoguswa?" aliuliza Inspekta.

Mjane alinyoosha kidole mlangoni. "Kandambili zangu. Nilizivua ovyo niliporudi kutupa taka, zina tope. Nimezikuta zimegeuzwa, zinatazama nje, moja mbali kidogo na mwenzake, mguu uingie bila shida. Na tope limefutwa."

"Mwizi kakufutia tope?"

"Hata marehemu hakuwahi kunifanyia hivyo."

Jioni Inspekta alikwenda kituo kidogo cha polisi kwenye kona, chini ya mti uliodondosha matone hata mvua ilipokatika. Koplo Mishina, askari wake pekee, aliinuka akapiga saluti.

"Makao makuu wanataka kukifunga kituo hiki," alisema Inspekta.

"Mwisho wa mwezi, afande. Wanasema mtaa hauna uhalifu, askari wa nini? Ila sasa takwimu zimepanda. Huenda wakatuacha."

"Unafurahi?"

"Aa! Sifurahi, afande."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Jamani, unanihoji mimi?"

"Wizi huu unakufaa wewe kuliko mtu yeyote."

"Nilikuwa namfunga paka jeraha. Yule pale dirishani. Mhoji."

Inspekta hakumhoji paka. Alifunua pazia la chumba cha nyuma, akatazama viatu vya koplo vya akiba. Kimoja kilikuwa chini ya kiti, kingine kimelala chali kama samaki aliyekufa.

"Si wewe," alisema.

Hapo ukungu ukafunguka mlangoni, akatoka mzee mrefu, kofia kifuani.

"Bwana stesheni, treni imechelewa?"

"Inakuja, mzee," alijibu Inspekta, akamshika mkono. "Twende ukaingojee nyumbani."

Walipita milango iliyofungwa. Kila penye mlango mzee alisimama, akausukuma kwa vidole, akashangaa, akaendelea.

Mkewe, Bi Toyoko, aliwapokea kwa kuinama hadi mkeka. Alimlaza mumewe chumba cha pili, akaleta chai na vitumbua vya mchele, akatoweka kidogo kama mvuke, akarudi. Inspekta alikunywa bila haraka. Mvua ilianza tena juu ya vigae, akahisi usingizi mtamu unamnyemelea.

Alipoinuka kuondoka, usingizi ulimruka.

Viatu vyake vilikuwa vimegeuzwa. Vilitazama nje, kimoja mbali kidogo na mwenzake. Tope limefutwa.

Alikaa tena.

"Ulijifunza wapi kupanga viatu hivi, bibi?"

"Hoteli ya chemchemi za maji moto, mwanangu. Nilipokea wageni huko tangu usichana mpaka nilipostaafu. Kiatu kikikaa ovyo mlangoni, mikono inaniwasha."

"Kwa Bi Sawae leo, uliingia kama mgeni au mwenyeji?"

Bi Toyoko alikijaza tena kikombe chake. Birika lilivuma.

"Kandambili zilikuwa na tope," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilishindwa kuzipita."

Alifungua kabati. Kengele ilikuwa mle, pamoja na saa, buli na kioo vya majirani, vyote vimefungwa kwa kitambaa safi kama zawadi.

"Kwa nini, bibi?"

"Walisema mtaa hauna wezi, kwa hiyo kituo kifungwe. Koplo ndiye anayemtafuta mume wangu akipotea usiku, mimi magoti yananiuma. Nikasema, kama wanataka mwizi, watampata."

"Na mchana nani alikuwa akimtunza?"

"Majirani."

"Sasa wako wapi?"

"Wamefunga milan..."

"Bi Sawae aliacha wazi kwa ajili yake," alisema Inspekta. "Ulipoingia kuiba, uliingilia mlango wa mume wako. Mlango huo ndio uliokuwa wa mwisho kubaki wazi."

Bi Toyoko alikimbilia chumba cha pili. Godoro lilikuwa tupu, mlango wa nyuma wazi, ukungu ukiingia.

Nje hawakuona hata ncha za vidole vyao. Mahali fulani maji ya mfereji yalicheka.

"Koplo! Kando ya maji, haraka!" Inspekta alipaza sauti kuelekea kituoni, kisha akagonga mlango wa jirani. "Polisi! Fungueni!"

"Tutajuaje kama ni polisi?" sauti ilijibu ndani. "Kalale, mwizi we!"

Bi Toyoko alivuta pumzi. Alivua aproni, akatembea katikati ya njia, akapaza sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake.

"Mwizi ni mimi! Mimi Toyoko, mke wa Gengo! Nimeshakamatwa! Fungueni, jamani, mume wangu yuko nje!"

Kisha komeo moja likalia. La pili. Njia nzima ikawaka miraba ya mwanga, mmoja baada ya mwingine, ikielea kwenye weupe kama madirisha ya behewa.

Kutoka upande wa maji zikaja hatua za taratibu. Mzee Gengo alitokea na suruali iliyolowa hadi magotini, akavuka njia bila kumtazama mtu, akaingia mwanga uliokuwa karibu naye. Ulikuwa wa Bi Sawae.

"Karibu, mzee. Maji yamechemka," mjane alimwambia.

Bi Toyoko alibaki nje kwenye manyunyu, kichwa chini. Inspekta alisimama nyuma yake. "Kesho utakuja kuandika maelezo, bibi," alimnong'oneza.

Bi Sawae alisogea kando mlangoni kumpisha jirani yake.

"Nawe ingia," alisema. "Ila mikono iweke mezani niione."