Daktari wa Kuchekesha

Kila asubuhi, Kidoti alipokuwa akifunga kamba za viatu, alimsikia baba yake bafuni akikariri maneno mbele ya kioo. Baba alikuwa mwigizaji. Katika mji ule watu weusi kama wao walikuwa wa kuhesabika, na kwa miaka tisa televisheni ilikuwa imempa kazi za aina tatu tu: mlinzi anayesinzia, mwizi anayekimbizwa na mpishi anayeunguza chakula.

Kwa hiyo siku alipopewa nafasi ya daktari, mama alipiga vigelegele.

"Ngoja kwanza," baba akasema. "Daktari mwenyewe hajui hata kusoma kipimo cha joto. Lakini ni kejeli, mama Kidoti. Mwongozaji ameniapia kwamba watakaochekwa ni wagonjwa wanaotudharau."

"Na watazamaji wanalijua hilo?"

Baba akarudi kwenye kioo chake.

Kipindi kilipoonyeshwa, majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Hakuna aliyewacheka wagonjwa. Kesho yake darasani, msichana waliyemwita Miwani alimchomeka Kidoti rula kwapani.

"Ndaktari, homa ngapi hapo?" akauliza kwa lafudhi ile ile ya kwenye televisheni. Darasa zima likaangua kicheko. "Kwani yule si baba yako?"

"Simjui," Kidoti akajibu, uso ukimwaka. "Baba yangu ni fundi umeme."

Wiki ile ile kulikuwa na mkutano wa wazazi. Baba alifika amevaa shati lililopigwa pasi. Miwani akamwahi mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Eti wewe ndiye fundi umeme?"

Baba alimtazama Kidoti, aliyesimama nyuma ya Miwani. Kidoti akainamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu," baba akasema taratibu. "Ndiyo. Nimekuja kuangalia taa."

Akainua macho kwenye taa ya darasa, akatikisa kichwa kama fundi kweli, kisha akaondoka. Mkutano hakuuhudhuria.

 Kesho yake asubuhi Kidoti alisimama mbele ya wenzake. "Nilidanganya. Yule daktari ni baba yangu. Ni mwigizaji." Wachache walicheka. Mwalimu alipiga marufuku jina la Ndaktari darasani, lakini uwanjani liliendelea.

Nyumbani alimkuta baba amekaa sebuleni, mikono mitupu. Alikuwa amemwomba mwongozaji abadilishe maneno. Mwongozaji akamwambia watu wanaipenda kazi ilivyo, asiyetaka aache. Baba akaacha. Juma lililofuata mtu mwingine mweusi alivaa koti lile jeupe la daktari, na majirani wakacheka vile vile.

"Nisamehe, baba," Kidoti akasema jioni ile kipindi kilipokwisha. "Nilikukana."

"Nimekusamehe. Mimi pia nilidanganya, tena mbele yako. Tuliwaachia watu watuaibishe, kisha tukawasaidia."

"Wataacha lini kutucheka?"

"Sijui, mwanangu. Pengine mimi sitaiona siku hiyo. Kicheko chao hatukimudu, ila ulimi wetu ni wetu. Wakikuuliza mimi ni nani, sema ukweli, hata ukiwa peke yako. Kazi zote wanaweza kumpa mtu mwingine. Ya kuwa baba yako, hiyo hawaiwezi."