Umepapasa Ndani?

Kila alasiri binti mmoja alipotoka shule, alitupa mkoba kitandani, akavua sare, akavaa gauni lake lenye madoa ya gundi, kisha akakimbilia barabarani kwa mama yake. Mama alikuwa fundi wa kuziba pancha. Kazi yake aliifanyia chini ya turubai, karibu na kona ya lami, akiwa na pampu, beseni la maji, sanduku la vifaa na lundo la tairi kuukuu. Rimu iliyoning'inia kwenye nguzo ndiyo iliyokuwa bango lake.

Binti alikuwa na mikono myepesi. Madereva wa bodaboda walimpachika jina la Chapuchapu, na jina hilo likamvimbisha kichwa. Alijua kubandua tairi, kuvuta mpira wa ndani, kuuzamisha majini na kusaka mapovu. Kitu kimoja tu kilimchosha. Kabla ya kurudisha mpira, mama alimtaka apitishe vidole ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima, atafute kilichotoboa. Chapuchapu aliona hayo ni mambo ya kizamani.

Siku moja mama alikwenda dukani kununua viraka. Huku nyuma akaja Ngongoti, akisukuma pikipiki yenye gurudumu la mbele lililolala kabisa. Ngongoti alikuwa kijana mrefu, mwembamba na mcheshi. Wenzake walidai kwamba akikaa kwenye pikipiki, magoti yake hugonga masikio. Ingawa alikuwa na abiria anayemsubiri, alitaka kumngoja mama, lakini Chapuchapu akajigamba kwamba mama hana haja ya kungojwa. Akaziba tundu, akajaribu majini, mapovu hakuna. Akaanza kurudisha mpira.

"Umepapasa ndani, mdogo wangu?" Ngongoti akauliza.

"Nimepapasa," akajibu bila kuinua uso.

Alijaza upepo, Ngongoti akamlipa na kumsifu, akaondoka. Ulikuwa uongo mwepesi, wala haukumkaa kooni.

Mama alikuwa amesharudi, anapanga viraka sandukuni, Ngongoti alipoonekana tena akiikaribia kona peke yake, ameshamfikisha abiria wake. Ghafla gurudumu la mbele likayumba. Usukani ukamponyoka, pikipiki ikalala ubavu, ikaserereka kwenye lami ikitoa cheche. Ikamgonga mtoto wa fundi cherehani, aliyekuwa akicheza mlangoni pa duka la baba yake. Mtoto akapiga ukelele uliowasimamisha watu barabara nzima.

Ngongoti akainuka, akaanza kuchechemea kwenda kwa mtoto. Hakumfikia. Fundi cherehani alimkaba shingo na kumrudisha chini kwa ngumi, na kabla hajajitetea watu wakajaa, huyu na fimbo, yule na mkanda, mwingine na jiwe. Walimpiga mateke ya mbavu. Walimkanyaga vidole. Wengi hawakujua hata amefanya nini. Mmoja alisema kalewa, mwingine akasema ni mwizi, na kila neno lilimletea kipigo kipya.

Kijana mmoja akachomoka kwenye kundi, akaja mbio hadi chini ya turubai na kushika tairi kuukuu. Nyuma yake alikuja mwenzake na chupa ya petroli. Mama akaelewa. Akaruka, akalikalia lundo, mkononi ana chuma cha kubandulia tairi.

"Tairi langu halitoki hapa kwenda kumchoma mtu," akasema. "Ukilitaka, anza na mimi."

Kijana akamsukuma kwa nguvu. Mama akayumba, lakini hakushuka, na kijana aliponyoosha mkono tena, chuma kikatua kwenye kifundo cha mkono huo. Akarudi nyuma akitukana.

Chapuchapu aliikodolea macho pikipiki iliyolala barabarani. Alijua ni nini kilichomwangusha Ngongoti. Alijua pia kwamba akisema, fimbo zile zingeweza kumgeukia yeye na mama yake. Aliogopa mno. Lakini jiwe jingine likarushwa, akasikia Ngongoti akiguna, na hakuweza kuvumilia.

"Mama, sikupapasa," akasema. "Aliniuliza, nikamdanganya. Kilichotoboa bado kimo ndani."

Mama alimtazama kidogo. Hakumgombeza. Aliigonga ile rimu kwa chuma, akaigonga tena na tena kwa nguvu zake zote, mpaka vichwa vikageuka. Kisha akamshika binti yake mkono, akapenya naye hadi katikati ya watu, akamwambia aseme.

Chapuchapu akasema yote, machozi yakimtiririka. Fundi cherehani akamgeukia na fimbo juu. Mama akaingia kati, na fimbo ikampata begani. Chapuchapu akachukua chuma mkononi mwa mama, akapiga magoti penye pikipiki, akabandua ukingo wa tairi, akaingiza mkono na kuupitisha polepole kama alivyofundishwa. Akashtuka. Alipoutoa, kidole kilikuwa kimechanika, kinavuja damu. Kila aliyeinama aliiona ncha ya msumari.

Watu wakanyamaza. Ndipo waliposikia maneno ambayo Ngongoti alikuwa akiyarudia tangu kipigo kilipoanza.

"Mtoto. Mpelekeni mtoto hospitali."

Fundi cherehani akageuka. Mwanawe alikuwa palepale mlangoni, mguu umepinda, akilia peke yake. Hakuna aliyekuwa amemwinua, kwa sababu wote walikuwa na kazi ya kupiga. Fimbo ikamdondoka.

Hospitalini mtoto alifungwa plasta ngumu mguuni, na Ngongoti akashonwa kichwa. Meno yake mawili hayakuonekana tena. Chapuchapu alisimama kando ya kitanda chake, akamwomba radhi.

"Ungeniambia 'bado', ningesubiri," Ngongoti akasema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko makofi.

Fundi cherehani alikaa katikati ya vitanda viwili, hathubutu kuinua macho. Mama, bega limevimba, akamtazama binti yake, kisha fundi.

"Mwanangu, kuacha kupapasa ni kosa la kazi, na kosa la kazi hurekebishwa," akasema. "Lakini uliulizwa ukadanganya, na mtu akapanda pikipiki akiuamini mdomo wako. Ulikuja kusema kweli huku unaogopa, ndiyo maana huyu bado anapumua. Na wewe, jirani, hukuuliza chochote. Ungeuliza kabla ya kupiga, mwanao angefika hapa mapema."

Fundi cherehani akaukamata mkono wa Ngongoti, akaanza kulia.

Ngongoti alipopona, akaja tena chini ya turubai akisukuma pikipiki yake. Safari hii lililolala lilikuwa gurudumu la nyuma. Akaketi juu ya tairi kuukuu, akamtazama Chapuchapu akiziba tundu na kujaribu majini, mapovu hakuna.

"Umepapasa ndani, mdogo wangu?" akauliza, mapengo yakionekana.

"Bado," akasema Chapuchapu. "Subiri."

Akaingiza mkono, akaupitisha polepole, mzunguko mzima. Ngongoti akasubiri.