Lukumani Aliyekaza Uso

"Usijibu," Mustafa alimwambia. "Weka simu mfukoni."

Lukumani aliusoma tena ujumbe wa Asmahani: "Kuna posa imekuja. Baada ya alasiri bibi ataniuliza. Kwetu nikinyamaza ndiyo nimekubali. Niambie unanitaka, nikatae."

"Nampenda, Mustafa."

"Nani kakukataza? Ila mwanaume akishaonekana anataka, kwisha habari yake. Kwani kilichomvuta kwako nini? Hizo rasta, hiyo miwani, na kutojali kwako. Ukimbembeleza leo, kesho atakuona wa kawaida."

Pale kijiweni maneno ya Mustafa yalikuwa sheria. Vijana wote walikaza nyuso kama yeye, wakajiita wagumu. Ugumu gani wa kuogopa kuchekwa na wenzako? Lukumani akaitia simu mfukoni, roho ikimuuma. Mustafa akaaga, ana shughuli ya kifamilia.

Alasiri ikapita. Uvumilivu ukamshinda Lukumani, akawasha pikipiki mpaka mtaa wa Isevya, kwa bibi yake Asmahani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Vua miwani nikuone, mjukuu wangu."

Akavua. Macho yalikuwa mekundu.

"Bibi, nampenda Asmahani. Nitaleta wazee hata kesho."

Bibi akashusha pumzi. "Umechelewa, baba. Nimemuuliza, kashika simu tu, hata hanitazami. Nikarudia. Kanyamaza, machozi yanamtoka. Jibu limeshapelekwa."

"Kwa nani?"

"Kwa kina Mustafa, mtoto wa mzee Adinani. Alinijia mwenyewe na kanzu yake, akapiga magoti, akasema bila huyu binti hapati usingizi. Kijana mnyenyekevu kweli."

Lukumani alikaa chini bila kukaribishwa.

Asmahani akatokea mlangoni, ushungi umelowa machozi.

"Ujumbe wangu uliuona?"

"Niliuona."

"Ulikuwa na kazi gani?"

Angemjibu nini? Kwamba alikuwa ameegemea pikipiki, anajifanya hajali?

"Nilikuwa nakuwaza wewe," akasema. "Kila siku nakuwaza wewe."

"Maneno hayo nimeyasubiri sana, Lukumani. Mwenzio ndiye aliyekuja kuyasema."

"Kwa hiyo unampenda?"

"Nakupenda wewe," Asmahani akajibu, akageuka kuingia ndani. "Lakini sikutaka kukupigania kwa bibi peke yangu, na wewe hata hujanijibu."

Ndoa ya Asmahani na Mustafa ikafungwa Ijumaa. Lukumani alilia kijiweni, mbele ya vijana wote, na wala hakujali nani anamtazama.