Siku ya Kumi na Tano

Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, nchini Zambia, Papa Gustave analima muhogo na mke wake, Mama Brigitte, anauza chisense. Hivyo ni visamaki vidogo vikavu anavyonunua kwa wavuvi wa Nchelenge. Binti yao Débora hutwanga pilipili katika kinu kidogo cha mbao. Mama yake alikibeba kinu hicho kichwani siku walipokimbia Kongo. Vitu vingine vingi vilipotea njiani, lakini kinu kilifika.

Débora ana mimba ya miezi sita. Mama Brigitte anatamani kumwogesha mjukuu wake wa kwanza. Anamwomba Mungu hilo kila siku, tangu madaktari wa Lusaka walipomwambia kwamba ana kansa ya titi.

Walimpasua, kisha wakampa vidonge vya kunywa nyumbani. Kwa sababu Lusaka ni mbali, walimpa vingi kwa pamoja. Muuguzi alimweleza kwa Kiingereza na Kibemba, haraka haraka, maana foleni ilikuwa ndefu. Brigitte alikuwa akiitikia tu: ee, ee. Aliona si heshima kumsumbua mtu mwenye kazi. Alirudi nyumbani na mambo mawili kichwani: anywe asubuhi na jioni baada ya kula, na baada ya siku kumi na nne apumzike. Apumzike nini? Soko? Shamba? Hakuuliza. Karatasi aliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, na pale nyumbani hakuna aliyeweza kuisoma.

Siku ya kumi na tano ilifika. Brigitte aliiweka pakiti chini bila kuifungua.

"Papa Débora, minafikiri leo sinywi," alimwambia mumewe kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Balisema nipumuzike."

"Upumuzike dawa?" Gustave alishangaa. "Na vidonge viko mingi hivi? Banakupa dawa ya kuangalia? Hapana, mama. Siku moya usiruke!"

Maneno hayo watu wote wa jirani waliyajua. Zamani Gustave aliugua TB. Alikunywa dawa miezi sita, hakukosa hata siku moja, akapona kabisa. Tangu hapo alipewa kazi kanisani ya kuwakumbusha wagonjwa wa TB. Aliifanya kwa moyo, na kwa sauti kubwa kidogo.

Brigitte hakujua afuate nini. Muuguzi alisema hivi, mume anasema vile, na mume huyu alipona kweli. Akafungua pakiti, akanywa.

Siku iliyofuata viganja vyake na nyayo zake zilikuwa nyekundu, zinawaka moto. Kinywa kilijaa vidonda. Akaanza kuharisha.

"Njo vile dawa inapigana," Gustave alimtia moyo, kwamba ndivyo dawa inavyopigana na ugonjwa. "Hata mie, dawa ya TB ilifanya mukojo yangu nyekundu. Na nilipona!"

Siku ya kumi na saba Brigitte alishindwa kumeza. Gustave alimpenda mke wake, na aliogopa. Akamwita Débora.

"Twanga vidonge mu kinu, mutoto wangu. Changanya mu uji. Mama asiruke."

Débora alitwanga. Unga mweupe ulimwingia puani na kumshika vidole. Alifanya hivyo siku ya kumi na saba, ya kumi na nane na asubuhi ya kumi na tisa.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu yake ya kupimwa mimba. Alifika kliniki amechelewa. Muuguzi, Sista Misozi, ni Mzambia, lakini amefanya kazi na wakimbizi miaka mingi na Kiswahili anakijua.

"Débora, juu ya nini umechelewa?"

"Unisamehe, Sista. Nilikuwa natwanga dawa ya mama."

"Dawa gani?"

"Ile ya kansa."

Misozi aliweka kalamu chini. "Awe!" alisema kwa Kibemba. Awe maana yake hapana. "Kuja, tunawe mikono kwanza. Sabuni mingi."

Alimwosha, akampima. Moyo wa mtoto tumboni ulikuwa unapiga vizuri. Misozi alichukua glavu na kipimajoto, na wote wawili wakaenda nyumbani kwa Mama Brigitte.

Mama Brigitte alikuwa amelala kwenye mkeka. Misozi alimpima joto, akaangalia kinywa chake, akasoma karatasi ya Lusaka. Kisha akamgeukia Gustave.

"Papa, leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tisa. Hatukuruka hata moya!" Gustave alijibu kwa fahari.

"Papa, hapa baliandika siku kumi na ine ya kunywa, siku saba ya kupumuzika. Mama amekunywa siku tano zaidi. Yuko mu hatari."

Fahari yote ilimtoka Gustave. Alitazama karatasi, akamtazama mkewe, akamtazama Misozi.

"Lakini Sista, weye mwenyewe ulinifundisha usiruke! Na leo unasema tuache. Sasa nishike gani?"

"Nilikufundisha juu ya TB, Papa. Kila ndege anaruka na bawa lake, na kila dawa iko na sheria yake. Hii dawa inaua kansa, lakini inagonga na mwili muzima: kinywa, tumbo, damu. Mwili unahitaji siku za kujijenga. Na haitwangwi hata siku moya. Unga yake ni hatari kwa mutu asiye na kansa, zaidi kwa mwenye mimba."

Gustave alimwangalia binti yake, akaketi chini. "Nilikuwa namuokoa," alisema. Machozi yalimtoka mbele ya watu, na hakuyafuta.

Misozi alipiga simu Lusaka, kwenye namba iliyokuwa juu ya karatasi. Madaktari waliagiza dawa isimamishwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali. Gari la wagonjwa lilimchukua Brigitte hadi Nchelenge. Alitundikiwa maji siku sita. Siku mbili za kwanza hakuna aliyejua kama atarudi.

Alirudi, amekonda lakini anatembea. Misozi alikuja na kalenda.

"Lusaka banasema tuanze tena juma ijayo, na vidonge vichache. Siku ya kunywa nimechora mustari. Siku saba ya kupumuzika nimeacha tupu, kisha munahesabu tena toka moya. Ukisahau kunywa mara moya, usinywe mbili pamoja. Joto ikipanda ao ukiharisha sana, piga simu siku ile ile."

Gustave aliifuata mistari ya kalenda kwa kidole. "Ni sawa na muhogo," alisema. "Unaulowesha siku tatu, unautoa. Ukiuacha mu maji siku zaidi, unaoza."

"Njo vile, Papa!"

Ikawa kazi ya Gustave kutoa vidonge, amevaa glavu. Alivitunza juu, pakavu, mbali na chakula. Kinu, Misozi alikifunga katika mifuko miwili akakipeleka kliniki, kisitumike tena. Brigitte alikililia kinu chake. Gustave alianza kuchonga kingine, bila kuambiwa.

Lakini sasa Brigitte alipata hofu nyingine. Hakutaka Débora akae karibu naye.

"Sista, mie niko sumu? Mutoto akizaliwa, nisimushike?"

Misozi alicheka. "Awe, mama! Dawa njo haiguswi, si weye. Nguo yenye matapishi ao choo chako, Débora asifue. Mutu mwingine azifue mbali na nguo zingine, na glavu. Lakini kukumbatia? Kumbatia!"

Mimba ilipotimia, Débora alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa kama babu yake. Asubuhi moja baada ya kurudi nyumbani, maji ya vuguvugu yalikuwa tayari katika beseni. Brigitte alinawa kwa sabuni. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imepona.

"Papa Débora, leo ni siku ya ngapi?"

Gustave hakuhitaji kuitazama kalenda. "Ya kumi na tano," alisema. "Leo dawa hapana. Leo ogesha mutoto."