Beberu wa Harusi ya Yudith

"Beberu wa kuchomwa ndafu umpeleke mnadani? Yudith, una akili kweli?"

Sylvester alifoka mbele ya kamati nzima ya harusi yao, sebuleni kwa mama yake, katika kijiji cha mlimani cha Shighatini. Yudith hakuinamisha uso. Mwaka jana alimzika Anaeli, mdogo wake wa mwisho aliyemlea kama mwanawe. Saratani ya ubongo. Daktari wa Moshi alimweleza wazi kwamba ugonjwa huo kwa watoto haujafanyiwa utafiti wa kutosha. Sasa daktari huyo anachangisha pesa za utafiti, na serikali yenyewe siku hizi hata pamba ya hospitali inakuambia ununue.

"Michango yetu iende huko," Yudith alisema. "Wageni tuwape makande ya mahindi na maharage."

"Watu wamechanga waje wale ndafu, si kuchunguza ubongo!" Sylvester akadakia.

Mama Sylvester akashika kichwa. "Mkwe wangu, aibu hii tutaificha wapi?"

"Samahani, mama. Michango ni ya kamati, lakini beberu ni wangu, nimepewa na kaka zangu. Jumapili namnadi kanisani."

"Ukimnadi, usinitafute tena," Sylvester alisema.

"Sawa."

Alijibu kikavu. Njiani alilia hadi kanga ikalowa, maana alimpenda mwanamume yule mno.

Jumamosi simu ya ofisi ya usharika ikalia, mwinjilisti akamwita Yudith. Sylvester alikuwa akipiga kutoka posta ya Same, mji anaouzia mitumba.

"Yudith, tafadhali usimnadi."

"Sema ukweli, Sylvester. Hili si suala la ndafu."

Sylvester akashusha sauti.

"Mimi ndiye niliyempeleka Anaeli tambarare, kijiji cha Kisiwani, kwa mjomba wangu. Aliporudi kichwa kinauma, anatapika, nikasema ni malaria ya tambarare. Nikamnunulia klorokwini, dozi juu ya dozi. Ukimtaja kanisani, wote watanitazama mimi."

"Na nani alimnywesha? Si mimi? Huku mlimani mtu akitoka tambarare akiumwa, sote tunasema malaria. Ndiyo maana sirudi nyuma. Mtoto mwingine asicheleweshwe."

Simu ikakatika.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Daudi wa kanisa alishika kamba ya beberu. Yudith alieleza pesa zinakokwenda. Watu wakatazamana. Nani anunue kitoweo cha harusi ya mwenzake?

"Elfu ishirini!"

Ilikuwa sauti ya Sylvester kutoka nyuma, vumbi la Same bado viatuni. Hakuna aliyeongeza. Akalipa, akapokea kamba, akageukia watu.

"Anaeli nilimpa dawa ya malaria mimi. Sikujua." Akamrudishia Mzee Daudi kamba. "Beberu namrudisha. Anadiwe tena!"

Mama yake akafungua fundo la kanga. "Elfu tano! Na mimi namrudisha!"

Hapo ndipo mnada ukawaka. Beberu alinunuliwa na kurudishwa mpaka jua la utosi, alipochukuliwa na mchinjaji kutoka Kighare kwa bei ya ng'ombe.

"Bado nisikutafute?" Yudith aliuliza.

"Nitafute kila siku," Sylvester akamjibu, akamshika mkono mbele ya usharika wote.

Siku ya harusi, mjomba wa Kisiwani alipakuliwa makande, akachungulia huku na huku.

"Ndafu iko wapi?"

"Iko Moshi," mama Sylvester akamjibu, "inatafuta dawa ya wajukuu zetu. Kula."