Uwanja wa Ndege wa Philippe

Yaliyompata rafiki yetu wa kwaya, Tshiamala, bado yananitia woga. Mdogo wake Philippe, aliyetembea kwa mkongojo tangu shimo la mgodi wa Mutoshi limwangukie, alikuwa amefariki. Matanga hayajaisha, Tshiamala akawasha kompyuta ya marehemu. Alitaka kuokoa uwanja wa ndege wa Nzilo, ambao Philippe aliuchora kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, kabla baba wadogo hawajagawana vitu.

«Tata, mwanangu, tuombe kwanza,» mama yake akamsihi.

«Mi nachukua tu kazi yake, mama.»

Mchezo hakuufungua. Alitafuta folda ya nyongeza ulimohifadhiwa uwanja huo, iliyowekwa mbali na mchezo wenyewe, akaipata. Papo hapo umeme ukakatika.

Gizani, ndani ya spika, ndege ikatua.

Akachomoa waya wa spika, lakini sauti zikaendelea. Injini ya ndege ikazimika, mlango ukafunguka, kisha juu ya changarawe ukasikika mguu, mkongojo, mguu, mkongojo. Ukasimama karibu naye kabisa.